Daftari Lililo Kando ya Sigiri

Jumamosi moja, yapata saa kumi za alasiri, nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba za askari zilizo nje kidogo ya mji wa Kampala, nikasikia harufu ya sukari inayoungua. Mlangoni pa jiko la nyumba ya tatu alikuwa amesimama mama mmoja, mke wa sajini ambaye ni rafiki yangu, akiitazama keki aliyokuwa ametoka kuifunua muda huo huo. Keki hiyo ilikuwa imeinuka vizuri pembeni, lakini katikati ilikuwa imebonyea kama kiti cha basi kilichokaliwa miaka mingi.

Nilitaraji kumkuta amekasirika au ameona haya, maana aghalabu mtu aliyeharibikiwa na chakula mbele ya mgeni hutafuta haraka kitambaa cha kukifunika. Yeye hakufunika kitu. Alifuta mikono kwa kanga yake, akachukua daftari la shule ambalo jalada lake lilikuwa limelowa mafuta, akaniuliza, "Shemeji, saa yako inaonyesha saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

"Basi niliiweka motoni saa tisa na nusu. Dakika 40." Akaandika. Kisha akaandika tena, huku akijisomea kwa sauti ndogo: "Nilifunua mapema, dakika ya 20. Beking pauda vijiko 2, huenda ni vingi. Makaa ya chini yalizidi ya juu." Alipomaliza akakata kipande cha pembeni, kile kilichosalimika, akanipa. Kwa hakika kilikuwa kitamu.

Sikuwa na haraka siku hiyo, na udadisi ulinishika, nikaomba nilisome daftari hilo. Akanipa bila kusita. Nilikuta ndani yake siku baada ya siku, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, mambo yote yaliyotoka sufuriani mwake kwa miaka sita: mkate uliogoma kuumuka, wali uliokuwa bokoboko, chapati zilizosifiwa na wageni, maharage, kabalagala, mchuzi wa karanga uliofurika ukazima moto. Mazuri yamepewa mstari mmoja. Mabaya yamepewa nusu ukurasa.

Wasomaji wengi watakumbuka vitabu vya mapishi tulivyoviona majumbani, ambavyo kila chakula ndani yake hufanikiwa. Chukua unga, chukua mayai, changanya, oka, andaa mezani. Havisemi neno juu ya mtu aliyechukua unga na mayai hayo hayo, akachanganya, akaoka, akapata jiwe. Daftari la mama huyu lilikuwa la mtu huyo. Nilipomwuliza kwa nini alianza kuliandika, alinyamaza kidogo, akageuza makaa kwa koleo, kisha akanieleza habari ambayo sikuitarajia kutoka katika jiko linalonukia vanila.

Mwaka alipohamia hapa, mtoto wake wa pili alikuwa na umri wa miaka mitatu. Bei ya makaa ilikuwa imepanda, na mama mmoja sokoni alimfundisha njia ya kuyaokoa: chukua kikapu kikubwa, kijaze majani makavu ya mgomba, chemsha sufuria yako, itie humo ingali moto na uifunike vizuri, nayo itaendelea kuiva yenyewe bila moto wowote. Njia hiyo ni nzuri na ni ya kweli. Lakini yule mama wa sokoni alisahau kusema jambo moja, au huenda alilisema na mwanafunzi wake hakulisikia.

Siku hiyo alikuwa na maharage mekundu makubwa, yale ambayo hapa Uganda huitwa nambale. Hakuyaloweka. Aliyaweka motoni, na mara alipoona maji yameanza kutoa povu pembeni mwa sufuria, akaitoa, akaitia kikapuni, akaenda shambani. Jioni alipofunua aliyakuta maharage yamevimba, maganda yamelainika, ila kokwa chache zilikuwa bado zina kiini kigumu. Aliunga kwa vitunguu na nyanya. Watoto walikuwa na njaa, wakala.

Kabla ya saa tatu kupita wote wawili walikuwa wanatapika. Yule mkubwa alitapika akalala. Yule mdogo alitapika mpaka hakubakiwa na kitu tumboni, akaanza kuhara, macho yakamzama, na mama yake akambeba mgongoni usiku kumpeleka kwa waganga. Waliomtibu walimpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo hadi alfajiri, na kulipokucha mtoto akaomba uji. Walimwuliza mama: mtoto alikula nini? Akajibu: maharage ya kawaida. Wakamwuliza: na kitu kingine? Akajibu: maziwa, kikombe kimoja, kutoka kwa jirani.

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika akinisimulia. Alikuwa ameona kwa macho yake zile kokwa zenye kiini kigumu. Moyoni alikuwa anajua. Lakini ni nani apendaye kusema mbele ya watu kwamba amewalisha watoto wake chakula kibichi? Akanyamaza. Nayo habari ya maziwa, kama mjuavyo mahali ambapo nyumba zimeegemeana, ilifika bombani kabla yake. Baada ya siku mbili, yule mama aliyeyatoa maziwa, mtu wa makamo asiye na mtoto wa kumzaa, alianza kuona wenziwe wakimpisha njia. Baada ya wiki moja kulikuwa na watu walionong'ona neno ambalo halifai kuandikwa gazetini juu ya mtu asiye na hatia.

"Nilikaa na jambo hilo siku tisa," aliniambia. "Siku ya kumi nikaenda kwake. Nikamwambia, dada, kosa lilikuwa la sufuria yangu, si la maziwa yako."

Na yule akajibu nini?

"Alinitazama muda mrefu sana. Halafu akasema, lete hiyo sufuria."

Wakapika maharage pamoja hadharani, nje ya nyumba, katikati ya wale wale walionong'ona, na mwenye kosa akaeleza kwa kinywa chake alivyofanya siku ile. Jioni hiyo hiyo akachukua daftari la mtoto lililokuwa limebakiwa na kurasa nyingi, akaandika ukurasa wa kwanza. Nimeusoma. Una maneno machache tu, na la mwisho ni "sikusema."

Jambo lenyewe lina maelezo yake, na yafaa kila mwenye jiko ayajue. Maharage mekundu, hasa haya makubwa, yana ndani yake kitu ambacho ni sumu kwa tumbo la binadamu. Kokwa chache mbichi zaweza kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Moto mkali huimaliza sumu hiyo kabisa, na ndiyo sababu tumekula maharage maisha yetu yote bila kudhurika. Lakini moto hafifu haufanyi hivyo. Joto la nyuzi 80 hivi, ambalo ni joto la sufuria iliyolala kikapuni, laweza hata kuiongeza nguvu. Kwa hiyo maharage yalainikayo polepole bila kuchemka sawasawa huweza kuwa mabaya kuliko yale yaliyo magumu, maana magumu mtu huyatema. Dawa yake ni nyepesi: loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha yaache yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto au kuyatia kikapuni. Mama huyu hakukitupa kikapu chake. Nilikiona pembeni, kimeshindiliwa majani, nacho humwokolea makaa mpaka leo.

Kuna na jambo la pili katika habari hii ya kuchemka, nalo lilinifurahisha kwa sababu sikulitarajia kutoka kwa mtu ambaye hakusoma fizikia. Alikwisha kukaa mwaka mmoja kwa shangazi yake huko Kabale, akaona kwamba maharage ya huko hayaivi upesi kama ya hapa. Kwanza aliyalaumu maharage yenyewe, kwamba ni ya zamani, na ni kweli kwamba maharage yaliyokaa sana ghalani huwa magumu kuiva. Lakini akanunua mapya na mambo yakawa yale yale. Sababu ni mwinuko. Maji hutokota kwa nyuzi 100 kule usawa wa bahari, Mombasa au Dar es Salaam. Hapa Kampala, tulipo kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, hutokota yapata nyuzi 96, na Kabale, iliyo zaidi ya mita 1,800, hutokota chini ya nyuzi 95. Waweza kuongeza makaa upendavyo. Maji hayatazidi joto hilo, yatakauka tu. Mpishi wa milimani hana budi kuongeza muda.

Mwinuko huo huo ndio uliokuwa na sehemu katika kuibonyeza keki ya Jumamosi, na sasa yafaa nieleze keki ile ilikuwa ya nini. Mume wake alikuwa mmoja wa askari wa Uganda walio katika ujumbe wa Umoja wa Afrika kule Somalia, ambako jeshi letu lilianza kwenda mwezi Machi 2007. Alikuwa hajamwona kwa muda uzidio mwaka, na alitazamiwa kurudi Jumapili ya juma lililofuata. Keki niliyoionja ilikuwa ya majaribio. Alikuwa na unga, sukari na mayai ya keki mbili tu, na ya kwanza ilikuwa hiyo mbele yetu.

Tanuri yake ni sufuria kubwa nzito. Ndani yake kuna mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, juu ya mchanga kuna vijiwe vitatu bapa, na juu ya vijiwe hukaa chombo cha keki. Mfuniko ni bati pana linalobeba makaa. Moto huwa juu na chini, na ufundi wote uko katika kujua makaa mangapi yakae wapi. Hana kipimo cha joto. Hunyunyiza unga kidogo kwenye kisahani na kukitia ndani: unga ukigeuka rangi ya kahawia kabla hajamaliza kuchekecha unga wa keki, moto umezidi; ukibaki mweupe, moto haujatosha. Makaa ya juu, alisema, yawe mengi kuliko ya chini, kwa kuwa joto la chini hupanda lenyewe na lile la juu halishuki kwa hiari.

Basi kwa nini keki hubonyea? Nilimsikiliza akieleza, na baadaye niliulizia kwa watu wenye elimu ya jambo hilo, nikakuta maelezo yake hayana kasoro kubwa. Beking pauda ni magadi soda yaliyochanganywa na asidi kavu na wanga kidogo wa kuyaweka makavu. Ikipata maji hutoa hewa, na ikipata joto hutoa zaidi. Hewa hiyo ndiyo iinuayo keki. Lakini keki iliyoinuka si keki iliyosimama. Ni kama ukuta wa nyumba ya miti na udongo ambao udongo wake haujakauka: mayai na wanga wa unga lazima viive ndipo vishike. Ukifunua kabla ya wakati, hewa baridi huingia, na kila kitu hurudi chini, katikati kwanza, kwa kuwa katikati ndiko kunakoiva mwisho. Na huku kwetu juu, ambako hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani, kile kipimo kilichoandikwa kitabuni na mpishi wa nchi za chini huinua keki upesi mno, ikafika kileleni kabla ya kushika. Kwa hiyo vijiko vidogo 2 vikawa kimoja na nusu. Sukari nayo akaipunguza vijiko viwili, akaongeza maziwa kidogo.

Naona si vibaya nikitaja hapa kwamba beking pauda yenyewe imetokana na shida ya jikoni. Mwingereza mmoja wa mji wa Birmingham, Alfred Bird, mwenye duka la dawa, alikuwa na mke ambaye mwili wake ulikataa mayai na hamira. Mwaka 1843 akatengeneza unga wa kuumua mkate usiohitaji hamira, ili mkewe apate kula mkate kama watu wengine.

Beking pauda huchakaa pia, na hili limewaponza wengi. Kopo lililofunguliwa likaachwa karibu na mvuke wa sufuria hufa polepole bila kubadilika rangi. Kabla ya kuamini kopo kuukuu, tia kijiko kimoja katika maji ya moto. Likitoa povu kwa kishindo, li hai. Lisipotoa, usimlaumu kuku.

Hamira ina tabia nyingine, kwa kuwa hiyo ni kiumbe hai hasa. Ukurasa mmoja wa daftari una habari ya mkate ambao kijana wake mkubwa aliuliza kama ni wa kuzuilia mlango. Mama alikuwa na haraka, akamimina juu ya hamira maji yaliyotoka birikani. Hamira haihimili joto la namna hiyo. Ikifika nyuzi 60 imekwisha. Maji yanayofaa ni yale ambayo ungemwogeshea mtoto mchanga. Akarudia siku ya pili, akapata mkate mzuri, lakini akaandika kwamba ulichukua saa mbili kuumuka badala ya moja. Ilikuwa mwezi wa Julai, na asubuhi za Julai ni baridi. Siku hizi katika miezi hiyo huweka bakuli karibu na sigiri, si juu yake.

Nisije nikamfanya msomaji adhani jiko hili ni la misiba mitupu. Chapati za mama huyu zinajulikana nyumba zote zile. Chapati ni chakula tulichokipata kwa Wahindi, ambao maelfu yao waliletwa Afrika Mashariki kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, na wengine walikuja kwa biashara kabla na baada ya hapo. Leo hakuna mtaa wa Kampala usio na kijana anayezipika njiani. Lakini za njiani hupikwa kwa haraka. Huyu hukanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo, akaliacha donge lipumzike nusu saa chini ya kitambaa kibichi. Hapo kale, kwa mujibu wa daftari, alikuwa halipumzishi, na kila aliposukuma unga ulijirudi kama mpira. Kisha husukuma, hupaka mafuta, hukunja kama kamba, huzungusha kama konokono, akaviacha vidonge hivyo vipumzike tena ndipo asukume mara ya mwisho. Chapati ikiiva huipiga kwa viganja viwili, ikaachia tabaka kama kurasa. Habari yote hiyo katika daftari ni mstari mmoja: "Chapati 24. Zimekwisha."

Na kabalagala! Hizi alijifunza kwa mama yake mzazi, ambaye aliolewa katika miaka ambayo wazee wetu hawaisahau. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilizorota, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 sukari ilikuwa kitu cha foleni na cha magendo. Watu walikunywa chai kavu. Mama yule akawapa watoto utamu kwa njia ya zamani: ndizi ndogo zile tunazoziita sukari ndizi, zilizoiva mpaka maganda yakaingia weusi, hupondwa, huchanganywa na unga wa muhogo na pilipili kidogo ya unga, donge husukumwa na kukatwa kwa mdomo wa bilauri, kisha hukaangwa. Haziingizwi sukari hata punje moja. Wala maji, na hapa ndipo wengi huteleza. Ndizi isipoiva sawasawa haitoi maji yake, mpishi huona donge kavu, huongeza maji ya kisimani, na kabalagala hunywa mafuta yote ya karai. Binti yake amewahi kufanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu zimeandikwa. Ndizi ambayo watu wa mjini huitupa kwa kuwa imeoza ndiyo hasa inayotakiwa.

Lakini si kila kinachoharibika jikoni chaweza kuokolewa, na napenda kusema hili kwa mkazo kwa sababu tumefundishwa tangu utoto kwamba chakula hakitupwi. Katika ukurasa mmoja kuna maneno: "Karanga kilo 2. Nimetupa. Nimelia." Alizinunua kwa bei ya chini msimu wa mvua, akazikuta baadhi zina ukungu wa kijani na uchungu. Mama mkwe wake, aliyekuwa amemtembelea, akasema zioshwe, zikaangwe sana, zitwangwe, ukungu utakufa. Ukungu hufa, ndiyo. Sumu iliyoachwa na ukungu, hii iitwayo sumukuvu, haifi kwa moto wa sufuria. Hubaki katika mchuzi bila harufu wala rangi na huliharibu ini la mlaji kidogo kidogo kwa miaka. Hebu fikirini ugumu wa mke kijana kumwaga karanga mbele ya mama wa mumewe. Alipiga magoti, akamwambia, "Mama, nisamehe, nilikwisha kunyamaza mara moja katika nyumba hii." Mzee hakuelewa maana ya maneno hayo mpaka alipoelezwa na jirani.

Nikiwa katika chuo cha makadeti tulikuwa na desturi: baada ya kila zoezi, hata lililofanikiwa, tuliketi chini ya mti na kila mmoja akasema alikokosea, mkubwa kwa mdogo. Nakumbuka tulivyokuwa wepesi kutaja makosa ya wengine. Katika miaka yangu ya kazi, ambayo sehemu yake kubwa ni kuandika taarifa za kuwaeleza wananchi mambo yaliyokwenda vizuri, sijaona taarifa nyingi zilizoandikwa kama lile daftari. Haya niliyasema kwa mama yule kwa kumsifu, naye akacheka, akaniambia kwamba mimi nina mishahara na yeye ana sufuria tatu. Sufuria moja ikiungua ni theluthi ya jiko.

Jumapili ikafika, nami nilikuwa miongoni mwa walioalikwa. Sajini alikuwa amekonda kidogo na amekuwa mweusi zaidi kwa jua la Mogadishu. Yule mtoto wa pili, ambaye sasa ana miaka tisa, hakutoka ubavuni pake. Jirani yule wa maziwa ndiye aliyekuwa ameshika zamu ya kukaribisha wageni, akigawa chai kama mwenye nyumba.

Mama mwenye jiko hakuonekana. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya sufuria ya mchanga, saa ya mumewe mkononi, na kila mtoto aliyekaribia alifukuzwa kwa mwiko. Hakufunua kwa dakika 35. Alipofunua, jirani alipiga kigelegele. Keki ilikuwa imeinuka kote, juu ina rangi ya asali, na kijiti alichokichoma katikati kilitoka kikavu.

Tatizo ni kwamba kwenye sigiri ya pili kulikuwa na matoke. Matoke, kama kila Mganda ajuavyo, humenywa, hufungwa katika majani ya mgomba na kuwekwa juu ya vikonyo vya majani hayo hayo, ili maji ya chini yatoe mvuke bila kuyagusa. Huo ni upishi wa kuamini: huoni kinachotendeka ndani, wasikiliza tu mlio wa maji. Siku hiyo hakuna aliyesikiliza. Maji yalikauka, vikonyo vikaungua, na moshi ukapenya majani mpaka ndani ya chakula. Tulisikia harufu tukiwa sebuleni.

Yaliponyweshwa samli na kuletwa mezani pamoja na mchuzi wa karanga, mama akasimama mbele ya wageni wote, akasema waziwazi kwamba matoke yameungua chini, kosa ni lake, alikuwa anaitazama keki. Mumewe akamega tonge, akachovya, akala. Akala la pili. Akasema kwamba kule alikokuwa walikula wali, tambi, na anjero ya Wasomali, ile mikate laini ya unga uliochachuliwa ambayo aliipenda sana, lakini kitu chenye moshi wa majani ya mgomba hakukiona siku hata moja. Akasukuma sahani yake mbele, akaomba aongezwe.

"Hiyo anjero," mkewe akamwuliza, "unga wake ni wa nini? Unachachuliwa saa ngapi?"

Sajini akakuna kichwa. Alichojua ni kuila tu.

Nilipoaga, nilimwona ameinama kando ya sigiri na kalamu mkononi. Keki ilikuwa imepewa mstari mmoja. Matoke yalikuwa yanaendelea.